Punda Anajivua Gamba

Dalili huanzia machoni. Siku za kawaida nyoka wetu ana macho madogo ya mviringo, ya kahawia iliyokolea. Kisha asubuhi moja unamkuta yameingia ukungu wa maziwa wenye ubuluu kwa mbali, kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa San Diego, kwa hiyo macho ya namna hiyo nayaona kila zamu. Tofauti ni kwamba mzee wangu anangoja upasuaji, na nyoka hangoji mtu. Baada ya siku chache ukungu utaondoka wenyewe, na siku chache baadaye ngozi yote ya juu itafuata.

Nyoka huyo anaitwa Punda. Jina lake kamili ni Pundamilia, alilopewa na binti yangu Neema kwa sababu ya pete zake nyeusi na nyeupe, ila nyumba yenye haraka haiwezi kubeba jina refu hivyo kila siku. Mama yangu, aliyeko Mwanza, alipoelezwa kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, yaani mmefuga nyoka, halafu mmemwita Punda?" Mke wangu hamwiti jina lolote. Kwake ni "yule wa Baba Neema," ingawa aliyemwomba ni Neema mwenyewe, na aliomba muda mrefu. Mbwa hatukuweza. Mbwa anataka kutembezwa asubuhi na jioni, na mimi na mama yake tunapishana mlangoni, mmoja akitoka zamu mwingine akiingia. Nyoka anakula mara moja kwa wiki au wiki mbili, halii, hakwaruzi kochi, na ukimwacha peke yake ndiyo furaha yake.

Nimekulia Mwanza, mji wa mawe, ambako nyoka akionekana hakuna anayeuliza ni wa aina gani. Linaloulizwa ni fimbo iko wapi. Tulijua koboko, swila, kifutu na chatu. Waliobaki wote walikuwa "nyoka" tu, na hukumu yao ilikuwa moja. Waliotofautiana na sisi ni Wayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma wanaocheza na chatu na wanaojua dawa za kuumwa. Nimewaona Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, mtu amejizungushia chatu shingoni huku ngoma inalia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa ya umati, tayari kukimbia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi ambao hatujawahi kuumwa tulikuwa tunashtuka vilevile.

Basi nimweleze Punda alivyo, maana watu wakisikia nyoka huona picha moja tu kichwani.

Yeye ni nyoka-mfalme wa California, kwa jina la kitaalamu Lampropeltis californiae. Asichanganywe na yule swila mkubwa wa Asia ambaye naye huitwa mfalme. Hawana undugu wa karibu. Wanachofanana ni sababu ya cheo: wote wawili hula nyoka wenzao. Huyu wa Marekani hana sumu, humbana mnyama kwa mwili mpaka afe, na miongoni mwa anaowala wamo hata nyoka wenye njuga mkiani, ambao sumu yao haimdhuru kama inavyodhuru wengine. Ndiyo maana wakulima wengi wa hapa wakimwona humwacha apite. Katika vilima na makorongo ya San Diego yeye ndiye mwenyeji. Mgeni ni mimi.

Nyoka aliyekomaa wa aina hii kwa kawaida huwa na urefu wa kati ya sentimita 75 na 120, mwembamba, mgumu, wa unene ule ule karibu mwili mzima. Kichwa chake ni kidogo na hakijatengana sana na shingo, hana ile pembetatu pana ya kifutu. Ukimpitishia kidole hukwaruziki popote, kwa kuwa magamba yake hayana ule mstari ulioinuka katikati ambao kifutu anao. Ni laini na yanateleza. Jina la Lampropeltis lenyewe ni la Kigiriki, linasema juu ya ngao zinazong'aa, na hapo wataalamu hawakutia chumvi. Punda akiwa ametoka kujivua, ukimsogeza karibu na dirisha saa nne asubuhi, weusi wake hauwi weusi mtupu. Rangi za upinde wa mvua zinatembea juu yake kadiri anavyosogea: zambarau kidogo, kijani kidogo, kisha hakuna. Rangi hizo hazimo kwenye ngozi. Zinatokana na mwanga kugonga vimistari vidogo mno vilivyo juu ya magamba, visivyoonekana kwa macho. Gamba likichakaa, mng'ao nao unafifia.

Pete zake nyeupe huwa nyembamba mgongoni na hupanuka zikishuka tumboni. Hazikuchorwa kwa rula. Moja, karibu na katikati ya mwili, imekatika upande wa kushoto na kuacha nukta nyeupe peke yake kwenye bahari ya weusi. Neema anaiita kisiwa cha Ukerewe. Mtu akiniwekea nyoka-mfalme mia moja wa California mezani, nitamtambua wetu kwa Ukerewe.

Kuna jambo la kihistoria linalonifurahisha kuhusu sura za nyoka hawa, na lilifanyika mji huu huu. Huku pwani ya San Diego wapo wenye pete na wapo wenye mstari mmoja mrefu mgongoni, kuanzia shingoni hadi mkiani, bila pete. Wanasayansi wa zamani waliwaandika kama nyoka wa aina mbili tofauti. Aliyelimaliza jambo hilo ni Laurence Klauber, mhandisi wa kampuni ya umeme ya hapa, ambaye nyoka kwake walikuwa mapenzi ya baada ya kazi. Katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba mayai ya mama mmoja, ya tumbo moja, yanaweza kuangua wa pete na wa mstari pamoja. Ni ndugu. Napenda kwamba swali lililowasumbua wasomi lilijibiwa na fundi wa umeme aliyekuwa na subira ya kungoja mayai yaanguliwe.

Wafugaji wa siku hizi wameongeza sura nyingine nyingi kwa kuchagua nani azae na nani: wenye umanjano, wa zambarau hafifu, na zeruzeru wenye macho mekundu. Hao zeruzeru wana habari mbaya pia. Katika kisiwa cha Gran Canaria, cha Uhispania, nyoka-mfalme wa California waliotoka kwenye mikono ya wafugaji walianza kuonekana porini mwaka 1998. Kisiwa hicho hakikuwa na nyoka wa asili, mijusi wake hawakujua kukimbia, na leo mahali nyoka hao walipoenea mijusi wakubwa wa Gran Canaria wamekaribia kuisha. Kwa hiyo boksi la Punda lina kufuli. Halipo kwa ajili ya wezi.

Sasa turudi kwenye ule ukungu wa macho.

Ngozi ya nyoka ina sehemu hai chini, na juu yake tabaka lililokufa, gumu, la keratini, jamii ile ile ya kitu kinachotengeneza kucha zetu. Tabaka hilo haliwezi kukua. Linachakaa tu, kwa mawe, kwa maranda ya kwenye boksi, kwa maisha. Sisi binadamu nasi tunabadilisha ngozi, ila kidogokidogo kila siku, na chembe zake ndizo sehemu ya vumbi la chini ya kitanda. Nyoka hubadilisha yote kwa mkupuo. Kabla ya kuiacha ile ya zamani, seli za chini hujenga nyingine kamili: kila gamba mahali pake, kila mstari, mpaka vile vimistari vya upinde wa mvua. Kwa siku kadhaa nyoka anakuwa amevaa mbili. Kisha katikati ya hizo mbili kunalegea na kuingia majimaji. Hapo ndipo Punda anapoonekana amepauka, weusi unageuka kijivu, tumbo lake jeupe linakuwa na wekundu wa mbali.

Na macho? Nyoka hana kope. Hafumbi macho hata akilala. Badala ya kope, kila jicho limefunikwa na gamba moja la mviringo, linaloonyesha ng'ambo, nalo ni sehemu ya ngozi na hubadilishwa pamoja na mengine yote. Majimaji yakifika hapo, ndiyo ule ukungu. Jicho lenyewe chini yake halina tatizo lolote.

Katika siku hizo Punda habembelezeki. Anaona vibaya, anajificha chini ya gome lake, na ukimgusa ghafla anatikisa ncha ya mkia kwenye maranda kwa kasi mpaka inatoa sauti ya njuga ambazo hana. Chakula anakataa mara nyingi, na sisi hatumlazimishi. Panya wake, ambao tunawanunua wakiwa wamegandishwa, wanabaki kwenye friza ndogo iliyoko gereji. Friza hiyo ilikuwa sharti la kwanza la mke wangu. La pili ni kwamba kila anayemgusa nyoka anaosha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine nyumbani. Kwa hilo la pili mimi muuguzi ndiye niliyelisimamia, kwa sababu wanyama hawa hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila wao kuugua.

Baadaye macho yanatakata. Mgeni wa mambo haya hudhani gamba limeshatoka akiwa hakuangalia. Bado. Ni tabaka limekwisha kuachana, majimaji yamenyonywa, na sasa inasubiriwa saa tu. Saa hiyo ikifika anaanza kutembea ovyo, anasugua mdomo kwenye jiwe, anapiga miayo mikubwa. Ngozi inafunguka pembeni mwa midomo, juu na chini, inakunjamana kurudi nyuma ya kichwa, na kuanzia hapo anamaliza kazi kwa kupita. Anajipenyeza kati ya jiwe na gome, gamba linanasa, yeye anasonga mbele na kutoka ndani yake, na upande wa ndani unageuka kuwa nje mpaka ncha ya mkia. Mambo yakienda vizuri hata nusu saa haipiti. Neema huita nyumba nzima. Mke wangu huja akasimama mlangoni, mikono kifuani, na haondoki mpaka mwisho.

Watanzania wa rika langu hatuwezi kulitazama jambo hili bila kukumbuka siasa. Mwaka 2011 Jakaya Kikwete, akiwa Mwenyekiti wa CCM, alipotangaza kwamba chama kinajivua gamba, nchi nzima iligeuka wataalamu wa nyoka. Magazeti, daladala, vijiwe vya kahawa: nani gamba, nani abaki, lini linatoka. Wapinzani wakaanza kuwaita wana CCM magamba. Na kila kijiwe kilikuwa na mzee wa kusema kwamba nyoka akijivua gamba anabaki nyoka.

Nikiwa na nyoka wa kumtazama kwa karibu naona mzee yule alisema kweli kuliko alivyojua. Rangi ya Punda haiko kwenye lile tabaka linaloondoka. Sehemu kubwa ya seli zinazobeba rangi zimekaa chini, kwenye ngozi hai, na haziendi popote. Linalotoka ni kifuniko. Amejivua mara nyingi tangu aje kwetu, maana alipokuwa mdogo anayekua haraka ilikuwa karibu kila mwezi, na siku hizi ni mara chache kwa mwaka. Kila mara Ukerewe inabaki pale pale, upande wa kushoto, na haijasogea hata gamba moja. Alikuja kwetu mwembamba kama kalamu, leo ana unene wa kidole gumba cha mtu mzima, na michoro ni ile aliyotoka nayo kwenye yai. Watu wanaotafuta mfano wa mtu kubadilika watafute mnyama mwingine. Kiwavi labda.

Kwa hapa San Diego kazi hiyo ina adui, na adui ni upepo. Wakati wa vuli huvuma Santa Ana, upepo mkavu unaotoka jangwani kuja baharini. Unakausha midomo, unakausha nguo kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika, na unakausha boksi la nyoka. Hewa ikikosa unyevu gamba halitoki zima. Linatoka vipande, na vingine vinabaki vimeng'ang'ania mwilini. Pabaya zaidi ni pawili. Ncha ya mkia ni ya kwanza: mduara wa gamba kuukuu ukibaki hapo hukauka, hukaza, huzuia damu, na ncha hufa. Pili ni macho, ambapo kile kifuniko cha zamani kinaweza kubaki juu ya kipya. Wapo wanaochukua kibano na kuvuta. Tafadhali. Chini ya hicho unachokivuta kuna kifuniko kichanga, na chini yake jicho.

Dawa ni maji, tena kabla. Macho yakishaingia ukungu tunamwekea kikopo cha plastiki chenye mfuniko na tundu la kuingilia, ndani yake tishu za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa. Anaingia mwenyewe, anajikunja humo. Bakuli la maji nalo linakuwa kubwa zaidi. Jiwe la kujisugulia liwe na makwaruzo ila lisiwe na ncha kali. Ikiwa kipande kimebaki baada ya yote, nyoka aloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye kina kifupi, kisha apitishwe katika kitambaa chenye unyevu, aachwe atembee mwenyewe ndani ya mkono wako. Ya macho yakigoma hata baada ya hapo, ni ya daktari wa wanyama.

Gamba likitoka zima, linyooshwe likiwa bado bichi kidogo, kabla halijakauka na kuanza kupasuka. Utashangaa: ni refu kuliko nyoka aliyelivaa. Akiwa hai, ngozi iliyo kati ya gamba na gamba imekunjwa ndani; ikivuliwa mikunjo yote inafunguka. Kwa hiyo anayeokota gamba msituni na kwenda kusimulia urefu wa nyoka wake anaongopa bila kukusudia. Rangi karibu hakuna. Linaangaza, ila pale palipokuwa na pete nyeusi pamebaki kivuli hafifu cha kijivu, kwa kuwa melanini, ile rangi nyeusi, kidogo hupanda hadi kwenye lile tabaka la juu. Ukilishika dhidi ya dirisha unaweza kuhesabu pete. Ukerewe nayo imo, kama doa lisilo na kivuli. Kichwani viko vile vifuniko viwili vya macho, safi kabisa; hivyo ndivyo vya kukagua kwanza, maana visipokuwepo kwenye gamba vimebaki kwa mwenye macho. Tumboni kuna magamba mapana yaliyopangwa moja moja, yale anayotembelea. Na mwisho wa tumbo, mkia unapoanzia, kuna gamba moja la kufunikia haja. Kwa jamii ya nyoka-mfalme halijagawanyika, na hiyo ni moja ya alama ambazo wataalamu huangalia wanapomtambua.

Wanasayansi huchukua magamba kama haya na kutoa humo vinasaba, bila kumgusa nyoka wala kumchoma sindano. Ndege nao wana matumizi yao. Mashariki mwa Marekani yuko mla wadudu mwenye kishungi, Myiarchus crinitus, ambaye ana mazoea ya kuweka magamba ya nyoka kwenye kiota chake, na majaribio yaliyofanywa huko Arkansas yalionyesha kwamba viota vyenye gamba vilivamiwa kidogo kuliko visivyo nalo.

Kwetu Mwanza gamba katikati ya mawe lilikuwa barua: mwenyewe yupo, na hayuko mbali. Bibi alikuwa akilikuta anafukiza, anafyeka nyasi zote kuzunguka nyumba, na watoto hatutoki nje usiku. Wengine walilichukua wakalitia kwenye dawa zao. Nilipomwambia mama kwamba Neema amepeleka moja shuleni, mwalimu akaliweka chini ya hadubini, darasa zima likapanga foleni kulitazama, alicheka sana. Kisha akaniambia nisithubutu kumtumia.

Jambo moja hatujalimaliza. Aliyetuuzia alisema Punda ni dume, ila kwa nyoka wadogo watu hukisia, na mkia wake mimi naona ni mfupi mno kwa dume. Daktari anaweza kupima kwa kifaa maalumu, nasi bado hatujampeleka. Ikiwa ni jike, gamba ndilo litakalotuambia, kwa sababu jike mwenye mayai hujivua kabla ya kutaga, na anaweza kutaga hata kama hajawahi kukutana na dume, mayai matupu yasiyo na kitu ndani. Huwa ni kama wiki moja na nusu hivi kati ya gamba na mayai. Mke wangu ameshatoa sharti la tatu: hilo likitokea, mayai hayatapita jikoni.